Ndoo ya Barua za Mwende

Ndoo ilikuwa ile ya bluu niliyokuwa nikilowekea matambara ya kupigia deki, na ndani yake kulikuwa na mwandiko wa mwanangu. Nilikuwa nimepanda paani kuanika shuka, saa nne asubuhi, jua la Riyadh limeshaanza kuuma utosini. Karibu na tangi la maji nikaona ndoo imefunikwa kwa sinia, na juu ya sinia pamewekwa tofali. Nikadhani ni nguo za mtoto zimelowekwa. Nikatoa tofali, nikafunua. Majani mabichi yaliyotwangwa yalikuwa yanaelea juu, maji yamekuwa samawati hafifu, na chini yamelala makaratasi ya daftari, yale ya mistari ya shule zetu, yenye ukingo mwekundu. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mwanangu Mwende akiandika herufi ya kwanza ya jina lake huipa mkia mrefu kama wa mbuzi, nimemkataza mara mia. Mkia huo ndio nilioutoa majini.

Karatasi zilikuwa nne. Sikulia. Nilichukua vibanio nikazianika moja moja kwenye kamba, katikati ya shuka za Madam, nikawa napiga kelele kwa Kikamba na Kiswahili na kila Kiarabu nilichojifunza jikoni. Madam akapanda ngazi akihema, hajafunika kichwa, akasimama mlangoni asisogee. "Mona, usiguse! Wallahi usiguse!" Mona ni jina nililopewa siku ya kwanza, maana Mutheu liliwashinda. Nikamwambia, "Nisiguse nini, Madam? Hii ni mikono ya mwanangu. Umemtia mwanangu ndooni." Akanijibu kwa neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani, kwa sababu sisi pia tunalo: sihiri. Wanawake wawili juu ya paa, mtaa wa Al-Naseem, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na barua zinadondosha maji kwenye saruji, nayo yanakauka kabla hayajatiririka.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita Nasra, rafiki wa barua wa Mwende, alipiga simu kutoka Jeddah kusema Bibi yake, Bibi Zuwena, amefariki. Mwende akapokea, wakalia pamoja kwenye simu, wasichana wa miaka kumi na minne na kumi na mitano ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, ile barua yangu ya nywele, kwani nini kilifanyika?" Nikagundua sijawahi kumweleza vizuri. Nilikuwa nimemweleza kwa hasira, na hasira hueleza nusu. Sasa niko nyumbani Mwingi, zile karatasi nne ziko mezani hapa, zimekunjamana kama maganda ya vitunguu, na juu ya kila moja kuna alama mbili za kibanio. Bado nina hasira, nisidanganye mtu. Lakini nitaeleza nzima.

Yote yalianza likizo ya shule, tulipokwenda Jeddah kukaa kwa mama yake Madam, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Nyumba ile ilikuwa na jiko refu jembamba, feni moja, na dirisha linalotazama ukuta. Jasho la Jeddah si kama la Riyadh, halikauki, unatembea nalo kama nguo ya pili. Nilikuwa nakwangua sufuria ya wali ulioshika chini, nikiitukana sufuria kwa Kiswahili, ndipo nikasikia sauti ya mtoto nyuma yangu: "We unasema kama Bibi yangu, lakini vibaya." Nikageuka. Msichana mweusi kama mimi, ushungi umemshuka, mkononi ana pindo la abaya lenye pini. Bibi yake alikuwa fundi wa kushona, watu wa Unguja waliohamia huko tangu zamani, wanakaa Ruwais, na siku hiyo alikuja kuwapima nguo wenye nyumba. "Nani kakufundisha kusema hivyo?" nikamuuliza. Akasema, "Hakuna aliyenifundisha, nimezaliwa nayo. Wewe nani kakuharibia?" Bibi Zuwena akacheka kule sebuleni mpaka akakohoa. "Nasra! Msamehe, mwanangu. Huyu mdomo wake hauna mlango. Muamkie shangazi yako!"

Walikuja siku nyingi, maana mama yake Madam alikuwa na harusi ya kwao. Bibi Zuwena alikuwa analeta mkate wa ufuta amefunga kwa kitambaa, tunakula tumesimama jikoni, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nikawa nacheka kwa lugha yangu. Siku moja Nasra akanikuta namwandikia Mwende. Nyumbani hatukuwa na simu ya maana, mama yangu alikuwa na kabambe, simu ndogo ya kupigia tu, na mimi Madam alikuwa ananipa simu yangu Ijumaa tu, kwa saa moja. Saa moja haitoshi kulea mtoto, kwa hiyo niliandika. Nasra akasoma juu ya bega langu bila haya. "Anakaa wapi huyu? Kuna nini huko? Kuna bahari?" Nikamwambia hakuna bahari, kuna mto wa mchanga, ukitaka maji unachimba. Akaona namtania. "Mto wa mchanga! Bibi, shangazi anasema mto hauna maji!" "Basi muulize mwenyewe mtoto," Bibi Zuwena akasema, "mpe karatasi." Nasra akageuza barua yangu akaandika nyuma yake, kwa Kiswahili cha Unguja kilichojaa makosa ya herufi, kwa sababu alikuwa anakijua kwa mdomo tu. Barua yote ilikuwa maswali. Niliyahesabu, yalikuwa kumi na saba.

Mwende alijibu yote kumi na saba kwa namba, kama mtihani. Halafu na yeye akauliza yake. Ndivyo walivyoanza. Barua za Nasra Bibi yake alizipeleka posta, zinafika kwenye sanduku la shule ya Mwende. Za kurudi ndizo zilizokuwa na shida, kwa sababu nyumba yao ya Ruwais ilishapigwa rangi ukutani, alama ya kuvunjwa, hawakujua mwezi ujao watakaa wapi. Nikasema ziandikwe kwa anwani ya ofisi ya Baba, mume wa Madam, huko Riyadh. Niliona nimekuwa mjanja. Baba alileta ya kwanza, akaleta ya pili, akanipa mkononi huku anatabasamu: "Mona, una barua kama waziri." Ijumaa nikipewa simu nazipiga picha namtumia Bibi Zuwena, Nasra anasoma. Nilikuwa nazisoma na mimi, kwa nini nifiche. Nilijua kupitia barua hizo mambo ambayo mwanangu hakunieleza kwenye simu: kwamba anaogopa mwalimu wa hesabu, kwamba ana mbuzi anayemwita Daktari, kwamba usiku anahesabu miezi ya mkataba wangu. Na kupitia za Nasra nilijua kwamba shuleni kwao wasichana wanazicheka nywele zake. "Wananambia nywele zangu waya," aliandika. "Zako zikoje? Mamako anazifanya nini?"

Swali hilo ndilo lililotuponza. Mwende alikuwa darasa la nne, na shule yao inanyoa wote, wavulana kwa wasichana. Kila mwanzo wa muhula mwalimu anakagua vichwa. Mtoto akafikiri kwa akili ya mtoto: mimi sina nywele za kuonyesha isipokuwa siku ya kunyolewa. Siku hiyo akaokota kishungi kidogo cha nywele zake kabla hazijafagiliwa, akakifunga kwa uzi mweusi, mafundo saba ili kisifunguke njiani, akakiweka ndani ya barua. Na kwa kuwa Nasra alikuwa amemweleza nyumba yetu ya Riyadh ilivyo, jinsi nilivyokuwa nimemsimulia, Mwende akaichora ile nyumba nyuma ya barua. Chumba kwa chumba. Akaandika jina la kila mtu mahali anapolala: Baba, Madam, mtoto wao Rim, mdogo wake Rim. Juu paani, kando ya mashine ya kufulia, akaweka alama ya msalaba mwekundu. Hapo ndipo mama yake analala.

Sasa jiweke mahali pa Madam, kama ninavyojiweka mimi leo. Mwaka huo mimba yake ilikuwa imetoka, ya pili. Mama yake alishamwambia kuna jicho la mtu. Halafu mumeo anarudi kutoka ofisini na bahasha ya mfanyakazi imevimba, unaipapasa unasikia kitu ndani. Unafungua. Nywele za binadamu. Uzi. Mafundo saba. Ramani ya nyumba yako, majina ya watoto wako kwa mwandiko usioujua, na alama nyekundu juu ya vichwa vyao. Hata mimi, Mkristo niliyefika kidato cha nne, ningetupa bahasha nikimbie. Simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa miezi mitano ya kunitazama usoni kila asubuhi, nikimmiminia kahawa, bila kuniuliza swali moja.

Kwa sababu mimi nilikuwa nasikia na sielewi. Nilikuwa jikoni napepeta mchele, yeye yuko kwenye simu na mama yake sebuleni, akisema kwa sauti ya chini, "Nywele, mama. Nywele, naapa." Nikadhani ameona nywele kwenye chakula. Nikaanza kufunga kitambaa mara mbili nikipika. Wiki nyingine nikasikia, "Maji yamekwisha, nitumie mengine," nikajiuliza ni maji gani hayo ya kuagizwa Jeddah na duka liko kona hapo. Yalikuwa maji ya kusomewa dua. Alikuwa anaziloweka barua humo, pamoja na majani ya mkunazi, ili kuvunja kitu ambacho hakikuwepo. Watoto wakazuiwa kula mkononi mwangu. Rim, ambaye alikuwa analala mapajani pangu, akawa anapita amejibana ukutani. Nikasema labda amekua.

Na upande wa pili wa bahari mwanangu alikuwa anaandika. Bibi Zuwena aliniambia Ijumaa moja, "Mtoto wangu hapa anauliza mwenziwe kanuna? Kila siku anauliza." Nikampigia Mwende nikiwa nimeshapandwa na hasira. "Nasra anakuandikia, wewe unanyamaza. Ni tabia gani hiyo?" "Nimeandika, Mama." "Lini?" "Wiki ile. Na wiki ile nyingine." "Mbona hazifiki?" "Sijui, Mama. Nimeandika." Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo. Baba sikumuuliza, niliamini ingekuwapo angeniletea. Ya tatu nikasema neno ambalo nikilikumbuka mpaka leo nasimama nitembee. Nikasema, "Mpe nyanya simu." Nikamwambia mama yangu, "Huyu mtoto ameanza uongo. Mchape." Mama yangu akasita. "Mutheu, mtoto anasema ameandika." "Mama, niko mbali, nisaidie kulea. Mchape." Nikasikia. Simu haikukatwa. Baada ya siku hiyo nikipiga Ijumaa naambiwa Mwende ameenda mtoni, Mwende amelala, Mwende yuko kwa jirani. Mwanangu akaacha kuja kwenye simu. Huyo ndiye niliyemtoa kwenye ndoo.

Kwa hiyo siku ile ya paa Baba alipoitwa kutoka kazini, akanikalisha majlisi, sebule ya wageni, mahali ambapo sikuwahi kukaa ila kupiga magoti nikisugua zulia, mimi nilikuwa nimeshaisha. Mezani mbele yake kulikuwa na bahasha tatu nyingine, hazijalowekwa, zilikuwa zinasubiri maji. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Mona, wewe ni mtu mzuri. Tumekusamehe. Madam hatafungua kesi. Halas, yaishe, tufunike jambo hili." Nikamuuliza, "Mnanisamehe nini, Baba?" "Mwanao ni mtoto. Hajui alichofanya." "Alichofanya ni kumwandikia rafiki yake. Nipe hizo tatu." "Hizi mafi, hakuna. Hizi zitabaki." "Basi mimi sibaki." Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya geti na begi langu na karatasi nne zilizokauka ndani ya mfuko wa nailoni. Madam alichungulia mara moja kupitia dirishani, akamtuma Rim aniletee chupa ya maji. Rim akaiweka mbali kidogo akakimbia. Halafu akarudi, akaisogeza karibu.

Wakala wangu wa Nairobi nilimpigia nikiwa pale pale. "Dada," akasema, "umepigwa?" Hapana. "Umenyimwa chakula?" Hapana. "Mshahara?" Wamelipa. "Sasa wewe unashtaki nini? Sikiliza. Ukienda ofisi ya kazi ukataja nywele na uzi, utakuwa umejishtaki mwenyewe. Huko hilo si jambo la kucheka. Watu wamelala ndani kwa dogo kuliko hilo. Wamekusamehe, rudi ndani upike." Nilijua anasema kweli. Nikirudi ndani nina kazi, nina ada ya shule, na nina mtoto ambaye ni mwongo kwa amri ya mama yake. Nikienda ofisini naweza kukosa vyote. Nikawaza Mwende anasimama kuchapwa akisema nimeandika, nimeandika, habadilishi neno. Mtoto wa miaka tisa. Yeye hakurudi nyuma.

Ofisi ya kazi ilikuwa na viti vya chuma na baridi ya kuhifadhia nyama. Mama aliyenihudumia alikuwa amejifunika, macho tu, miwani juu yake. Fomu yake ilikuwa na visanduku: mshahara, makazi, pasipoti, kupigwa. Aliuliza kimoja kimoja nikasema la, la, la. Akaweka kalamu chini. "Sasa?" Kiarabu changu cha jikoni hakikutosha, nikamwomba nimpigie mtu. Bibi Zuwena akapokea, nikamweleza kwa haraka. Akasema, "Mwanangu, neno lile usilitamke hapo. Mie nakuomba." Nikamwambia, "Bibi, nikilificha watalitamka wao. Nitalisema mimi kwanza." Akavuta pumzi. "Haya. Nisomee barua ya mtoto polepole, nami namtilia Kiarabu. Mungu yupo."

Simu ikawekwa mezani, sauti wazi. Nikafunua ile karatasi, wino umekimbia, mstari upo mstari haupo. Nikasoma: "Kwa Nasra. Umeniuliza nywele zangu zikoje. Sisi hunyolewa, kwa hivyo nimekutumia kabla hazijatupwa. Nimefunga mafundo mengi kwa sababu barua inatikisika kwa ndege. Ukizigusa utaona ni kama zako. Wakikucheka, waambie kuna mwingine." Baada ya hapo maji yalikuwa yamekula. Bibi Zuwena alikuwa anatafsiri kwa sauti ya fundi anayepima kitambaa, hapunguzi haongezi, mpaka mwisho. Ndipo tukasikia nyuma yake mtoto anasema, "Bibi, huyo ni Mwende? Kumbe aliniandikia?" Mama wa miwani akaivua akaifuta kwa pindo la mkono. Akageuza fomu upande wa nyuma, palipokuwa peupe, akasema, "Sema. Nitaandika kama unavyosema."

Yaliyofuata yalifuata. Zile tatu zililetwa ofisini baada ya wiki mbili, na Baba mwenyewe, hazijafunguliwa. Kesi haikufunguliwa dhidi yangu. Nilihamishiwa kafili mwingine, mwajiri mdhamini, Jeddah, nikamaliza mkataba wangu, na Ijumaa zangu nilikula mkate wa ufuta. Madam alizaa mwaka uliofuata, nilisikia, na nilifurahi, ingawa sikutaka kufurahi. Ila Mwende, yeye hajawahi kuona kilichoandikwa nyuma ya fomu ile. Ninayo nakala, ina mhuri. Nimeigeuza Kiswahili neno kwa neno, na haya ndiyo niliyosema:

"Mimi, mwenye ikama hii ya ukaazi, mfanyakazi wa nyumbani, Al-Naseem, ninalalamika. Sikupigwa. Sikunyimwa chakula. Ninalalamika kwamba barua saba za mtoto wangu zilifika Riyadh na hazikufika kwangu. Nne zimetiwa maji kwa kudhaniwa ni sihiri. Si sihiri. Ndani ya moja kulikuwa na nywele za mtoto, alizozituma kwa mtoto mwenzake ili asione haya kwa nywele zake. Kama hilo ni kosa, kosa ni langu mimi niliyetoa anwani. Ninaomba nirudishiwe tatu zilizobaki. Nne nitazichukua zilivyo. Ninaomba pia ofisi iandike, kwa mhuri, kwamba barua hizo ziliandikwa na zilifika. Sababu ya ombi hili ni kwamba mtoto alisema ameandika, na mimi mama yake sikumsadiki, nikaagiza achapwe, na akachapwa. Mtoto anaitwa Mwende. Alisema kweli mara tatu. Sina lalamiko lingine."